Shingo ya nguo: bibi zetu walivaa vipi khasa?



Leo naomba mnivumilie. Najua tumezoea hapa kuzungumza habari za Sultani Barghash, za utenzi na za sarufi, na mada yangu wengine wataiona nyepesi: shingo ya nguo ya mwanamke. Kwa nini imekatwa juu, kwa nini imekatwa chini, na nani aliyeamua. Lakini nakuahidini tutapita humo humo kwa Barghash, na tutapita kwenye utumwa pia. Si nyepesi kama inavyoonekana.

Chanzo ni harusi. Mtoto wa dada yangu aliolewa hapa Jeddah, na gauni lake alilichagua mwenyewe: jeupe, la lesi, mabega wazi na shingo imeteremka. Nyumba ikawa haikaliki. Mjomba wake akapiga simu kutoka Riyadh akasema hizi ni tabia za Kizungu, bibi zetu Unguja hawakuvaa hivi hata siku moja. Binti akamjibu kwa adabu lakini kwa moto: "Mjomba, hao bibi zetu wenyewe walitoka mabega wazi na kitambaa kimoja tu. Picha zipo." Mjomba akasema picha hizo walipiga wakoloni. Binti akasema, wakoloni walipiga picha lakini hawakuwavua watu nguo. Hapo simu ikakatwa.

Mie nilinyamaza, maana niliona kila mmoja ana nusu ya kweli mkononi na anampiga mwenzake nayo. Mjomba anakumbuka bibi aliyefunikwa. Binti anakumbuka bibi wa mabega wazi. Na wote wawili walikuwapo Unguja, mji mmoja, wakati mmoja, pengine nyumba moja. Tofauti yao haikuwa dini wala haikuwa fasheni. Mmoja alikuwa bibi na mwengine alikuwa mtumwa wake.

JAYB NI NINI?

Kwa kuwa tuko Hijaz, tuanze na neno. Aya ya 31 ya Suratun Nur sote tumeisoma chuoni. Neno lililomo ni juyub, wingi wa jayb. Jayb ni ule uwazi wa nguo unaopitisha kichwa, yaani shingo ya nguo na kifua kinachoonekana hapo. Wafasiri wanaeleza kwamba wanawake wa Kiarabu walikuwa na mtandio tayari, ule khimar, ila wakiutupia nyuma mgongoni na mbele pakabaki wazi. Amri ikawa mtandio uje mbele.

Tizameni mambo mawili. La kwanza, hapo hakuna sentimita. La pili, aya hiyo hiyo ina orodha ndefu ya watu ambao mwanamke hana haja ya kujificha mapambo yake mbele yao: mume, baba, watoto, ndugu, wanawake wenziwe na wengineo. Kwa hivo suala la jayb tangu mwanzo linaulizwa pamoja na suala jengine: nani yupo chumbani? Shikeni hilo, nitalirudia.

Neno lenyewe baadae lilisafiri. Leo ukimwambia Msaudia "jeeb" atatia mkono mfukoni, kwa sababu watu wa kale walihifadhi vitu vyao kwenye kunjo la kifuani. Na wale wenzetu wa hisabati wanajua kichekesho cha karne ya 12: watafsiri wa Kilatini walikuta neno la Kiarabu la kipimo cha pembe, lililotoka Kihindi, wakalisoma kama jayb, wakaliandika sinus, yaani kunjo la kifuani. Ndiyo ile "sin" ya sin, cos na tan iliyotutoa jasho skuli. Kila mtoto anayefanya hesabu za pembe duniani anaandika shingo ya nguo bila ya kujua.

Na sie tuna neno letu: kaba. Mafundi wa kanzu wanalijua, ni kile kipande kinachoshonwa kuzunguka shingo ya kanzu ili isichanike na ikae sawa. Mtajieni Mpalestina: kwao qabba ni kile kipande cha tarizi cha kifuani kwenye thobe la mwanamke. Sie kaba tumelibakisha kwa kanzu ya mwanamme, wao limekuwa fakhari ya mwanamke.

BIBI NA MTUMWA

Sasa twende Unguja ya Sayyid Said na wanawe, karne ya 19. Tuna shahidi wa ndani: Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Beit el Mtoni mwaka 1844. Kitabu chake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886 kinaeleza kwa urefu mavazi ya wanawake wa nyumba za kifalme: kanzu ya kuteremka, suruali chini yake, kitambaa cha kichwa, dhahabu na manukato. Bibi wa Kiarabu wa cheo alivaa barakoa usoni. Akitoka, alitoka usiku, kafunikwa gubigubi na watumwa wamemzunguka. Kule Lamu mabibi walipita ndani ya shiraa, kama hema linalotembea, nguzo zimeshikwa na watumwa.

Na hao wanaoshika nguzo walivaa nini? Walivaa kaniki, au merikani, kile kitambaa cha pamba cha Marekani kilichomiminika baada ya mkataba wa 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said. Kipande kimoja, kimefungwa chini ya makwapa. Mabega wazi, shingo wazi, kichwa wazi, miguu mitupu. Wajakazi wengine na masikini walikuwa na ukaya, kitambaa chepesi cha kichwani. Barakoa haikuwa yao. Kujifunika kulikuwa na wenyewe.

Ndugu zangu, hapa ndipo pananiuma. Tunapozungumza leo tunasema "stara" kana kwamba ilikuwa haki ya kila mwanamke wa pwani. Haikuwa. Mtumwa alisimamishwa sokoni akatizamwa meno na kifua na wanaume asiowajua. Mtu anayeweza kuuzwa hana jayb, maana jayb inataka mtu mwenye haki ya kusema: hapa usitizame. Soko lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, chini ya Barghash. Hadhi ya utumwa yenyewe ikafutwa Unguja na Pemba kwa amri ya Aprili 1897, nayo amri hiyo ikawaacha nje masuria, mpaka ilipokuja amri nyengine ya mwaka 1909. Yaani mwanamke aliyekuwa karibu zaidi na kitanda cha bwana ndiye aliyengojea zaidi.

Na wanawake walipopata uhuru walifanya nini? Hawakukimbilia kuvaa wazi zaidi. Waliitupa kaniki. Wakanunua kanga, za rangi, jozi moja: moja ya kujifunga, ya pili ya kichwani na mabegani. Na mwanzoni mwa karne ya 20 buibui jeusi likaanza kuenea, likavaliwa na wajukuu wa mabwana na wajukuu wa watumwa sawasawa. Wanahistoria wa Unguja, akina Laura Fair, wameliandika hili vizuri: nguo ilikuwa tangazo. Mwanamke ambaye jana hakuruhusiwa kujifunika, leo anafunika shingo yake na anapita Darajani, na hakuna wa kumwambia vua.

Kwa hivo binti yetu asiseme bibi walivaa mabega wazi kama kwamba walichagua. Na mjomba asiseme bibi walifunikwa kama kwamba wote walipewa.

ULAYA WALIHESABU SAA

Sasa mjomba anasema shingo wazi ni Uzungu. Tizameni Uzungu wenyewe ulivyokuwa.

Huko pia shingo ilikuwa cheo, ila walikigeuza. Katika karne ya 15 watu wa kasri la mfalme wa Ufaransa walizungumza sana habari za Agnès Sorel, kipenzi cha Charles VII, na nguo zake za kifua wazi. Mwaka 1597 balozi wa Ufaransa, de Maisse, alipopokewa na Malkia Elizabeth I wa Uingereza, aliandika kwa mshangao jinsi nguo ya malkia ilivyokuwa wazi mbele. Malkia alikuwa na miaka 64, hajaolewa, na hakuna aliyethubutu kumwambia jambo.

Njooni karne ya 19, ile ile ya Salme. Bibi wa Kiingereza mchana alifunga vifungo mpaka kidevuni. Jua likizama, akienda kwenye chakula cha usiku au dansi, mabega nje na kifua nusu. Mwanamke yule yule, siku ile ile. Kilichobadilika ni saa. Na ilipokuja habari ya kutambulishwa mbele ya Malkia Victoria, shingo wazi na mikono mifupi ilikuwa ni lazima, hata kama hafla yenyewe ni alasiri na baridi kali. Mzee au mgonjwa aliyetaka kufunika mabega ilibidi aombe ruhusa. Hebu fikirini: kwetu mtumwa hana ruhusa ya kujifunika, kwao bibi wa cheo anaomba ruhusa ya kujifunika!

Mwaka 1875 Barghash alikwenda London akapokewa kwa heshima zote. Mtu aliyetoka mji ambao bibi mkubwa haonekani, akaingia mji ambao bibi mkubwa lazima aonekane. Na dada yake Salme alikuwa ameshavuka zamani. Alitoroka Unguja mwaka 1866, akaolewa Aden mwaka 1867 na mfanyabiashara wa Kijerumani, akaenda Hamburg akaitwa Emily Ruete. Ile picha yake mashuhuri aliyovaa nguo za Unguja ilipigwa studio ya huko huko Hamburg. Kila nikiitizama nafikiri: nguo ambayo Unguja asingevaa mbele ya mwanamme wa kando, sasa kaivaa mbele ya mpiga picha, kwa sababu Ulaya wanataka kumwona "binti wa Sultani". Nguo ni ile ile. Mlango umeondoka.

Basi nadhani tofauti ya kweli ndiyo hii. Wazungu shingo yao waliipima kwa saa: mchana juu, usiku chini. Sie tuliipima kwa mlango: nje juu, ndani chini. Hakuna taifa lililokuwa na shingo moja tu.

KANGA HAINA SHINGO

Jambo jengine ambalo mjomba na binti wote wamelisahau: nguo ya kufunga haina shingo kabisa. Kanga ni mstatili. Leso (neno lenyewe ni la Kireno) ni mstatili. Shuka ni mstatili. Hakuna fundi anayekata. Mwanamke ndiye anayeamua kila asubuhi, na anaweza kubadilisha mara kumi kwa siku: akiwa jikoni kanga iko kifuani, mtu akibisha hodi ya pili inapanda mabegani, akitoka inafunika kichwa. Shingo inapanda na kushuka kwa mkono wake mwenyewe.

Shingo isiyobadilika ililetwa na mkasi na cherehani. Gauni, neno na nguo, lilitoka kwa Waingereza. Pale Mbweni, misheni ilipofungua skuli ya wasichana waliookolewa majahazini katika miaka ya 1870, watoto walivishwa nguo za kushonwa. Baadae mafundi wa Kihindi na mafundi wetu wenyewe walishona magauni mitaani, na kila fundi akawa anauliza: "Shingo tukate vipi? Duara? Mraba? V?" Ndipo uamuzi ulipoanza kufanywa mara moja, kwa mkasi, na ukibaki hivo mpaka nguo ichakae. Ugomvi wetu wa leo ni ugomvi wa mkasi.

Dera nalo limerudisha ule uhuru kidogo. Ni ndugu wa dirac la Wasomali, na la zamani zaidi ni dir' ya Kiarabu, kanzu ya ndani ya mwanamke. Kila mmoja wetu kamwona mama na dera lake barazani: shingo pana, linateleza bega hili analirudisha, linateleza la pili. Na kanga iko karibu kwa ajili ya hodi. Hapo hakuna anayesema ni Uzungu!

RIYADH NA JEDDAH

Nilipofika Riyadh mwaka 2003 nilishangazwa na mambo mawili yasiyopatana. Nje, abaya jeusi tupu, na Mutawa wakipita. Madirishani mwa maduka, magauni ya usiku yenye shingo za kutisha, mgongo wazi mpaka kiunoni. Nikajiuliza, nani anayanunua haya?

Jibu nililipata kwenye harusi ya kwanza niliyoalikwa. Qasr al-afrah, ukumbi wa wanawake peke yao. Mlangoni abaya zinavuliwa zinapewa mhudumu, na chini ya kila abaya kuna gauni la kwenda ikulu. Shingo zimeteremka kuliko nilizoziona London. Mabibi wa miaka sabiini wamevaa dhahabu kifuani, na pale mbele wapigaji ngoma, wengi wao wanawake weusi wa Najd, wanapiga mpaka alfajiri. Kisha saa nane usiku sauti ikatangaza: bwana harusi anaingia! Kwa dakika moja ukumbi mzima uligeuka mweusi. Akaingia, akapigwa picha na mkewe, akatoka, na rangi zikarudi. Nikasema moyoni: mie hapa si mgeni. Hii ni ile ile "kupamba" ya Mombasa na Lamu. Ni usiku wa wanawake wa kwetu Unguja, buibui zimerundikwa kitandani na nguo za kweli ziko ndani.

Hata mavazi ya kale ya hapa yana khabari yake. Mwanamke wa Hijaz, wa Makka na Jeddah, alivaa sidairiyya, kizibao kifupi kinachofungwa kwa vifungo mpaka shingoni, na vifungo vyenyewe vikawa vya fedha au dhahabu kwa kadiri ya mfuko. Najd wana thobe pana la kitambaa chepesi kinachoonesha ndani, lakini shingoni na kifuani limejazwa nyuzi za dhahabu. Penye uwazi ndipo palipowekwa dhahabu. Watu wamejua siku zote kwamba jicho linakwenda pale.

Lakini mlango nao ulikuwa na taabu zake, tusiutie asali. Siku zile Riyadh duka la fundi wa nguo za kike lilikuwa na kibao: wanawake hawaingii. Unasimama nje kwenye dirisha, unampa fundi, mwanamme wa Pakistani au Yemen, kitambaa pamoja na gauni lako la zamani, unamwambia kata kama hili. Hawezi kukupima. Madukani hakuna chumba cha kujaribia. Gauni langu la kwanza lilirudi na shingo ya kutosha watu wawili. Nikaitia kaba mwenyewe kwa mkono, usiku kucha. Na la aibu zaidi: tulilazimika kununua nguo za ndani kwa wanaume, tuwatajie wao namba za kifua! Wanawake wa Jeddah, akiongoza mwalimu wa chuo Reem Asaad, walifanya kampeni mpaka amri ikatoka mwaka 2011, na tangu Januari 2012 maduka hayo yakaanza kulazimishwa kuajiri wanawake. Yaani jina la stara lilikuwa likitumika, na stara yenyewe hakuna.

KAMERA

Kilichovunja hesabu zote, za saa na za mlango, ni kamera.

Kwetu ilianza na video. Lamu na Mombasa, miaka ya 1980, harusi za wanawake zilianza kurikodiwa, na kanda zikazunguka nyumba kwa nyumba na zikapelekwa kwa jamaa wa Ghuba. Minou Fuglesang ameandika kitabu kizima juu ya wasichana wa Lamu wa wakati huo, filamu za Kihindi walizoziangalia na mishono waliyoiga humo. Shingo ya ndani sasa iko kwenye kanda, na kanda haina mlango.

Hapa Saudia simu za kamera zilipigwa marufuku, na marufuku hayo yaliondolewa mwishoni mwa 2004. Kuanzia hapo wanawake waliogopa wenyewe. Kumbi zikaweka wakaguzi mlangoni, simu zinachukuliwa, kamera inabandikwa kibandiko. Mlinzi wa mlango hakuwa tena anazuia wanaume. Anazuia simu ya jirani yako.

Na Ulaya na Marekani? Mwaka 2000 Jennifer Lopez alivaa gauni la kijani la Versace kwenye tunzo za Grammy, shingo imefika kitovuni. Watu walilitafuta kwa wingi mno kwenye mtandao, na mkuu wa zamani wa Google, Eric Schmidt, aliandika mwaka 2015 kwamba gauni hilo lilichangia kuzaliwa kwa utafutaji wa picha, ulioanza 2001. Saa ya usiku ya Wazungu nayo ikafa: lililovaliwa usiku mmoja linatizamwa mchana na dunia nzima, milele.

Mengine mnayajua. Mwaka 2016 Mutawa walinyang'anywa uwezo wa kukamata. Mwaka 2018 ikasemwa hadharani kwamba sheria haitaji abaya kwa jina. Aprili ya mwaka huo wiki ya fasheni ya Kiarabu ilifanyika Riyadh kwa wanawake peke yao, na kamera za nje hazikuruhusiwa. Mlango bado upo. Oktoba 2023 ikaja wiki ya fasheni ya Riyadh yenyewe, na kamera zimo. Mei 2024 kwenye pwani ya Bahari ya Shamu zikaoneshwa mpaka nguo za kuogelea. Wengine wamefurahi, wengine wamelia. Mie nawaambia tu: tizameni jinsi mlango ulivyoondoka, si urefu wa kitambaa.

WENYE KUPIMA WENGINE

Kabla sijafunga, neno kwa wale wenye hamu ya futi na mkasi wa sheria. Kwetu tumeshajaribu. Dar es Salaam, Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU ilitangazwa 1968 na kuanza 1 Januari 1969: marufuku vimini, mawigi, suruali za kubana. Amin naye Uganda mwaka 1972 akapiga marufuku vimini. Waligombana zaidi na goti, shingo hawakuishughulikia sana. Uganda ikarudi tena 2014 na sheria ya kupinga picha chafu, watu wakaiita sheria ya vimini, na Mahakama ya Katiba ikaifuta 2021. Nairobi, Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo na wanaume kituo cha matatu ati kwa sababu kavaa vibaya, na wanawake wakaandamana. Tizameni mwisho wa hesabu hii: aliyesema anapigania stara ndiye aliyemvua mtu nguo barabarani. Na kumvua mwanamke hadharani bila ya idhini yake sie wa pwani tunajua asili yake. Ni ya soko la watumwa.

HARUSI ILIKWISHAJE?

Tulimaliza hivi. Nilikwenda na binti Bab Sharif kutafuta lesi inayofanana na gauni lake. Fundi, safari hii mwanamke, akashona kizibao kidogo kinachovaliwa juu, kina shingo ya juu na vifungo vya lulu, kama sidairiyya ya hapa. Bwana harusi na kaka zake walipoingia, na picha za familia zilipopigwa, bibi harusi kavaa kizibao. Walipotoka akakivua, simu zikabaki kwenye kapu mlangoni, na akacheza mpaka asubuhi na shingo yake aliyoitaka.

Mjomba alipotumiwa picha alisema, "Haya, sasa kama bibi yake." Binti akacheka, akaninong'oneza: "Mama mdogo, bibi yupi?"

Nikamwambia wote wawili. Bibi wa barakoa alikuwa na mlango lakini hakuwa na ufunguo wake, alifunguliwa na kufungiwa na wengine. Na yule wa kaniki hakupewa hata mlango, na alipopata uhuru kitu cha mwanzo alichonunua ni kitambaa cha pili. Tukimrithi mmoja tukamwacha mwengine tutakuwa tumewadhulumu.

Aliye na picha za zamani za familia, za Unguja, Pemba, Mombasa au Lamu, basi na azitizame upya kwa jicho hili: nani amefunikwa, nani hakufunikwa, na nani aliyesimama nyuma akishika mwavuli. Niliyokosea nisahihisheni, mie ni mwanafunzi wenu.

Wabillahi tawfiq,
dada yenu, Jeddah